Mlango wa Mbuzi Ambao Sikuuchimba

Ninyi mnaosomea upimaji siku hizi nawaonea wivu, ila kidogo tu. Mnasimamisha kifaa chenu juu ya miguu mitatu, mnabonyeza, kinasemezana na setilaiti, nanyi mnakunywa soda. Sisi tulichungulia darubini ya levo, ile ya kupimia kimo cha ardhi, miaka na miaka hadi jicho moja likawa dogo kuliko jingine. Mke wangu husema nikikasirika ni jicho la kushoto pekee linaloonyesha.

Mwalimu wenu ameniomba niwaandikie habari za mifereji, kwa kuwa tangu nilipoteremka kutoka Mwingi nikiwa kijana mwembamba hadi nilipostaafu, sikufanya kazi nyingine. Nimepima, nimechimba na nimechunga mifereji ya maji ya Tana hapa Garissa. Nadhani alitarajia niandike juu ya mashamba. Nitaanzia huko, lakini ninakotaka kufika ni Mtaa wa Webi, kule mnakokwenda Jumapili kupiga picha, nyumba nyeupe zimeyatazama maji ya mifereji. Levo za mifereji ile nilizisoma mimi. Ilikuwa kazi yangu ya mwisho, na katika kazi zangu zote ndiyo pekee ninayoionea haya.

Aliyenifundisha hakuwa injinia. Alikuwa Mzee Dakane, mnyapara wa genge la wachimbaji kwenye shamba la umwagiliaji nilikoanzia. Alikuwa Msomali mrefu, hakuwahi kuketi darasani hata siku moja, lakini aliweza kulala kifudifudi ukingoni, akautazama uso wa maji kwa dakika mbili, akakuambia mfereji umepanda wapi na kwa vidole vingapi. Neno lake kubwa lilikuwa "Bima tena." Wiki ya kwanza nilifurahi sana, nikadhani kazi hii ina bima. Kumbe herufi p haikumkalia mdomoni. Pima tena, ndivyo alivyokuwa akisema, na alikuwa akisema hivyo hata pale ulipokuwa umepima sawa.

Nilipata sababu ya kumwelewa mwezi wa tatu. Nilikuwa nimechagua jiwe moja zuri la bapa liwe alama yangu ya msingi, ile sehemu ambayo vipimo vyote vinaanzia. Nikalipaka rangi nyekundu, nikaenda kulala. Asubuhi mtu wa mkokoteni wa punda akapita, gurudumu likawa linamteleza, akaliona jiwe langu, akalitumia kuzuia gurudumu. Alipomaliza akalitupa juu ya tuta, upande wa rangi ukiwa juu. Mimi nikaja, nikaliona jekundu linang'aa, nikaanza kusoma levo bila wasiwasi. Tulichimba siku nne. Maji yalipofunguliwa yalifika kwenye mfereji mpya, yakasimama kama mtu aliyesahau alichotumwa, kisha yakageuka na kwenda moja kwa moja jikoni kwa meneja. Ndara za mpishi tulizikuta kwenye shamba la vitunguu.

Dakane hakunipigia kelele. Alinipeleka hadi kwenye jiwe, akaliinua kwa mkono mmoja.

"Mutinda," akasema, "jiwe ambayo mtu moja anaweza beba, hiyo si alama. Hiyo ni mzigo."

Tangu siku hiyo sikuanza kupima bila kuhakikisha alama yangu kwa nyingine mbili zilizozamishwa kwenye simiti. Hata ninyi na setilaiti zenu, fanyeni hivyo. Mitambo haidanganyi, lakini haijui nani alipita usiku na mkokoteni.

Kuna mambo mawili mengine aliyonifundisha ambayo sijayaona kwenye vitabu vyenu. La kwanza ni tope. Maji ya Tana ni mekundu kwa sababu yanabeba udongo, na yanaubeba mradi tu yanatembea. Yakisimama, yanautua. Teka maji kwenye glasi, weka kando, kunywa chai yako polepole, kisha angalia chini ya glasi. Mfereji ni hivyo hivyo. Ukiupa mwendo mdogo, umejichimbia kaburi la koleo: utazoa tope mwaka hadi mwaka.

La pili ni mlango wa mbuzi. Hilo ni jina letu sisi wachimbaji. Ni mahali ambapo ukingo wa mfereji unakatwa ukawa mteremko mpole pande zote mbili, ili mnyama aliyeingia majini aweze kutoka. Dakane alitaka mlango wa mbuzi kila palipokuwa na njia ya mifugo, hata kama kuna daraja.

Siku moja nilimbishia. "Mzee, si tumeweka daraja? Wapite juu."

Alinitazama kwa huruma. "Ng'ombe imetembea siku sita. Inasikia harufu ya maji chini ya mguu yake. Wewe unafikiri itabita juu ya maji, iende kutafuta maji?"

Mkewe, Habiba, alikuwa ametuletea chai ya maziwa ya ngamia. Mimi nilimwita Eddo, yaani shangazi, kwa sababu alinilisha kwake tangu nilipokuwa sijui hata kuomba maji kwa Kisomali. Alikuwa na ulimi mkali. Akaweka birika chini akasema, "Huyu Mutinda akiwa na kiu aje abite kwa daraja mbele ya chai yangu. Nione kama atabita." Genge zima lilicheka. Nilichimba mlango wa mbuzi, na baada ya hapo nikachimba mingine mingi bila kuambiwa.

Dakane alistaafu, akarudi kwenye ng'ombe wake, na miaka kadhaa baadaye akafariki. Tulimzika mchana, na mimi Mkamba wa watu nilishika koleo pamoja na wanawe. Habiba na wanawe waliendelea kuchunga ile mifugo, masika wakiwa mbali upande wa Hagadera na kwingineko, na ukame ukikaza wakiteremka mtoni.

Sasa nije kwenye Mtaa wa Webi.

Tajiri mmoja aliyekuwa ameishi ng'ambo alinunua ardhi karibu na mto, nje kidogo ya mji. Alikuwa ameona huko alikokaa nyumba zilizojengwa kando ya mifereji ya kuchimbwa, kila mtu na maji yake mbele ya mlango. Akataka na sisi tuwe nazo. Sikuona ubaya. Garissa ina joto la kuoka mkate bila jiko, na mtu kutaka kuketi mbele ya maji si dhambi. Walihitaji mtu anayeijua Tana, wakaja kunichukua nyumbani, nikiwa nimebakiza muda mfupi tu kwenye kazi ya kuajiriwa.

Nitawaambia ukweli jinsi nilivyojisikia. Kwa miaka yote ile nilikuwa "yule mzee wa stafu", mtu wa kushika ule ubao wa vipimo. Pale Webi nilipewa koti lenye mistari inayong'aa, kofia nyeupe, na ofisi ya kontena yenye feni. Mgongoni mwa koti waliandika SUPAVAISA. Wageni walipokuja, tajiri alinishika bega na kusema, "Huyu ndiye injinia wetu wa maji." Sikuwa injinia. Sikumsahihisha hata mara moja.

Injinia wa kweli alikuwa binti mmoja aitwaye Lydia, ametoka Kakamega, hajafika miaka thelathini. Alikuwa hodari na hakuwa na majivuno. Aliniita Mzee, akaniuliza maswali, na akaandika majibu yangu kwenye daftari.

Mfereji mkuu, ule unaoleta maji kutoka mtoni hadi kwenye mifereji ya mbele ya nyumba, ulikuwa unakata malka. Kwa ambao hamkukulia hapa, malka ni njia ya mifugo ya kuteremkia mtoni, njia ya zamani kuliko barabara yoyote ya mji huu. Mchoro uliweka daraja la simiti juu ya mfereji na uzio wa waya pande zote. Kuta za mfereji zilikuwa wima, kwenda chini zaidi ya kimo cha mtu, ili zisile ardhi ya viwanja. Nilipouona mchoro ule, nilijua. Sikuhitaji kupima.

Kwenye mkutano wa kwanza nilisema. Nikaeleza kwamba pale kwenye malka kuta zikatwe, tuweke mlango wa mbuzi. Mchoraji wa ramani, kijana nadhifu aliyekuja kwa ndege kutoka Nairobi, akatabasamu. "Mlango wa mbuzi? Mzee, hapa tunajenga makazi, si zizi." Watu wakacheka. Tajiri naye akacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka pamoja nao, kama mtu aliyekuwa akitania tangu mwanzo.

Hilo lingekuwa kosa dogo kama lingeishia pale. Halikuishia pale. Wiki mbili baadaye Lydia alinijia peke yake kwenye kontena, na mchoro chini ya kwapa. Akaukunjua mezani, akaweka kidole pale kwenye malka.

"Mzee, wewe umekaa na mto huu miaka mingi. Kabla sijaweka sahihi, kuna kitu sijakiona hapa?"

Feni ilikuwa inazunguka. Koti langu lilikuwa limetundikwa kwenye msumari nyuma yake. Nilifikiria kile kicheko. Nilifikiria kwamba nikitaja mbuzi tena, nitarudi kuwa yule mzee wa stafu.

"Hapana, Injinia," nikasema. "Iko sawa."

Akaweka sahihi palepale, akanishukuru.

Tulimwaga simiti, tukaweka geti la maji mtoni, na siku ya kufungua wakaja watu wengi. Maji yaliingia vizuri, sitajisifu sana lakini levo zilikuwa safi. Watoto waliweka maua ya karatasi yaelee mbele ya nyumba. Wazee wawili wenye mifugo walikuja pia, wakalitazama daraja, wakalikanyaga, wakasema ni imara. Ulikuwa msimu wenye majani, mifugo iko mbali, na hakuna aliyekuwa na kiu.

Kisha ikaja jilaal, kiangazi kirefu, na mwaka ule kilikuwa kibaya. Vidimbwi vilikauka hadi kule mpakani, wenye mifugo wakaanza kuteremka mtoni kutoka kila upande.

Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda. Nilikuwa naweka sukari kwenye chai nikasikia kelele za watu, na chini ya kelele sauti nyingine, nzito, ya vitu vizito vinavyoanguka majini. Nilijua kabla sijasimama.

Nilipofika, waya wa uzio ulikuwa umelazwa chini kama nyasi. Ng'ombe walikuwa wamefika darajani, wakasikia harufu ya maji chini yao, na walio nyuma wakawasukuma walio mbele. Wengi walikuwa tayari ndani. Waliogelea kando ya ukuta, wakitafuta pa kuweka kwato, wakigeuka, wakirudi. Simiti ilikuwa laini. Mimi mwenyewe ndiye niliyewaambia mafundi waipige iwe laini, ipendeze.

Ndani ya maji, kati ya pembe, palikuwa na mwanamke. Alikuwa ameshika kichwa cha mtamba mmoja mwekundu akikiinua juu ya maji, huku akiita majina ya wengine mmoja mmoja. Alikuwa Habiba.

"Eddo, toka!" nilipiga kelele. "Toka, watakuponda!"

Akaniona. "Mutinda! Mlango iko wapi?" akaniuliza. "Mlango iko wapi?"

Alikuwa akiuliza kwa dhati. Alijua mimi ndiye niliyepima mfereji ule, kwa hiyo alijua lazima uwe na mlango mahali fulani. Aliniuliza kama mtu anavyokuuliza choo kiko wapi nyumbani kwako.

Nilikimbilia geti kwenda kufunga maji, nikazungusha gurudumu hadi viganja vikachubuka, lakini mfereji uliojaa hauishi maji kwa dakika. Juma, dereva wa tingatinga, ndiye aliyekuwa na akili. Alileta mashine yake bila kumuuliza mtu, akapiga ukuta kwa ndoo ya chuma, akaubomoa, akakwangua udongo hadi ukawa mteremko. Ng'ombe walioweza kusimama walipanda kwa mteremko ule wakitetemeka, wakaenda moja kwa moja mtoni kunywa. Juma alichimba kwa robo saa kile ambacho mimi nilishindwa kukisema kwa sentensi moja.

Ng'ombe kumi na tisa walikufa. Habiba alibanwa ukutani na dume, nyonga ikavunjika. Tulimbeba juu ya mlango tulioung'oa kwenye ofisi ya kontena, wanaume sita, naye njia nzima alikuwa akiuliza habari za mtamba mwekundu. Nilimwambia ametoka. Hakuwa ametoka.

Wazee walikaa kikao, tajiri akalipa ng'ombe kwa ng'ombe na gharama za hospitali, wala hakubishana. Kwenye kikao hicho mzee mmoja aliuliza, "Nani alisema ukuta huu uko sawa?"

Lydia akasimama. Macho yake yalikuwa yamevimba. "Ni mimi. Sahihi ni yangu."

Nilikuwa nimekaa viti viwili kutoka kwake. Angeweza kugeuka akanielekezea kidole. Hakugeuka. Nami niliangalia viatu vyangu. Kabla ya mwezi kuisha aliondolewa kwenye kazi, akapanda basi la Nairobi, na vijana wa pale wakasema, mwanamke naye angejua nini habari za ng'ombe. Hata hilo nililisikia, nikanyamaza.

Nilinyamaza mwaka mzima. Nilistaafu, wakanifanyia karamu ya pilau, wakanisifu. Baadaye niliandika barua kwa tajiri, nikaeleza kwamba Injinia aliniuliza na mimi nikamwambia iko sawa huku nikijua haiko sawa. Nakala nikampelekea Lydia kwenye simu. Alijibu siku ya tatu: "Asante, Mzee. Itanisaidia. Lakini nilikuuliza."

Mkienda Webi Jumapili hii, msiishie kwenye nyumba. Tembeeni hadi darajani. Mtaona pale Juma alipobomoa, sasa pamesawazishwa vizuri kwa mawe, mteremko pande zote mbili kama Dakane alivyotaka. Nilikwenda kuusimamia bila kulipwa. Ni mlango wa mbuzi mzuri kuliko yote niliyowahi kutengeneza, na hauna alama ya kwato. Wenye mifugo wameihama malka ile, wanazunguka mbali kusini, nusu siku zaidi ya kutembea, kwa sababu ya mahali walipoona ng'ombe wakifa. Na mifereji ya mbele ya nyumba inajaa tope, kwa kuwa ilitakiwa isimame kimya ipendeze kwenye picha. Mbu wake wanafika hadi kwangu.

Kwa Habiba nilichelewa kwenda kuliko kote. Nilipita mtaa wake mara nyingi nikageuka kwenye kona, nikajidanganya kwamba amelala au ana wageni. Hatimaye nilikwenda alasiri moja. Alikuwa ameketi mlangoni, fimbo ya kutembelea mapajani, akichambua mchele.

"Asalaam aleikum, Eddo."

"Aleikum salaam." Aliinua macho kutoka kwenye mchele. "Mutinda. Mimi nilifikiri umekufa. Nimeshakuombea dua ya maiti."

Nilikaa kwenye mkeka. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, lakini yalitoka yakiwa machache. Nilimwambia nilijua kwamba ule ukuta ungewaua ng'ombe, kwamba niliulizwa nikanyamaza kwa sababu ya kuogopa kuchekwa. Nikamwomba anisamehe.

Aliendelea kuchambua mchele. Akatoa jiwe dogo, akalitupa uani.

"Mimi najua ulijua," akasema. "Dakane alikufundisha kwa mdomo yake, na mimi nikileta chai. Kama ni mtu hajui, Mutinda, ningesamehe siku ile ile, nikiwa bado kwa maji."

Kisha akamwita mjukuu wake aniletee chai, na alipoona siinui kikombe, akaninyooshea kidole ninywe. Nikanywa. Hakuniambia nisirudi, wala hakuniambia nirudi. Huwa naenda kila Ijumaa baada ya wao kutoka msikitini, tunakaa, tunazungumza habari za mvua na za watoto. Lile neno nililoliomba bado hajalitamka, nami sijaliomba mara ya pili.